Kumshonea Mtoto Foronya ya Safari

Foronya ya safari ni mfuko wa kitambaa unaovishwa mto mdogo ambao mtoto huubeba anapokwenda mbali, na tofauti yake na foronya ya kitandani haiko katika udogo wake tu, bali katika maisha inayoyapitia. Foronya ya nyumbani hukaa mahali pamoja na hukutana na kichwa kilichokwisha kuoga. Ile ya safari huegemezwa kwenye kioo cha basi chenye vumbi, huangushwa sakafuni, humwagikiwa na juisi, hupanguswa kwa mikono yenye mafuta ya mihogo ya kukaanga, na siku ya pili hutakiwa iwe safi tena kwa ajili ya shavu la mtoto. Kwa sababu hiyo, mshonaji anayetaka kazi yake idumu inampasa ajiulize kwanza foronya hiyo itafuliwaje na mara ngapi, kabla hajafikiria maua, rangi au jina litakalotariziwa, kwa kuwa karibu kila uamuzi mwingine, kuanzia aina ya kitambaa hadi namna ya kufunga mdomo, hutokana na jibu la swali hilo.

Lipo hata hivyo jambo la umri ambalo hutangulia yote. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahitaji mto wa aina yoyote wakati wa kulala, na madaktari wa watoto hushauri kwamba mahali anapolala mtoto mchanga pasiwe na mito wala vitu laini, kwa sababu pua na mdomo wake vikizama katika kitu laini huenda asiwe na nguvu za kugeuza kichwa ili apate hewa. Baada ya mwaka huo mto huwa hautishi kwa kiasi kile, lakini bado unafaa uwe mwembamba na wenye kukaza kidogo, usiofanya bonde uso unapoulalia. Katika gari dogo, mto usiwekwe kamwe nyuma ya mgongo wa mtoto wala chini ya mikanda ya kiti chake, kwa kuwa mto hubonyea gari linapogonga au kusimama ghafla, mikanda ikalegea palepale inapohitajika kukaza. Katika basi au treni, mahali pake panapofaa ni kati ya kichwa cha mtoto na ukuta wa dirisha, au juu ya mapaja ya mtu mzima anayesafiri naye.

Kipimo kinachowafaa watoto wengi wa kati ya miaka miwili na saba ni sentimita 30 kwa 40, na unene wa sentimita tano hadi nane. Mto wa kitandani wa mtu mzima, ambao kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 50 na urefu wa 70 hivi, humsukuma mtoto shingo mbele na kumlia nafasi ya kiti, na foronya yake ikikunjwa ili iutoshe mto mdogo huacha mikunjo inayomchora shavuni. Vipimo vichukuliwe kwa kulaza futi ya fundi juu ya mto wenyewe, kutoka mshono hadi mshono, wala visikisiwe kutokana na maandishi ya dukani, kwa sababu mito midogo hutofautiana sana. Foronya iliyobana mno huvuta mishono hadi uzi ukakatika, na iliyopwaya huzunguka juu ya mto hata mdomo wake ukafika usoni.

Kitambaa ndipo penye mengi ya kusemwa. Pamba tupu, yaani kitambaa ambacho nyuzi zake za mtande na za mshindio zote ni za pamba, hunyonya jasho, huvumilia maji ya moto na pasi ya moto, na haiwashi ngozi. Kwa vigezo vya ufuaji hakuna kinachoishinda kwa bei yake. Kitenge cha pamba ni chaguo jema, ila huuzwa kikiwa kimetiwa wanga ili kisimame vizuri dukani, na wanga huo hukikausha kitambaa hata kikawa kigumu kwenye ngozi ya uso. Kanga ni nyepesi zaidi na huwa laini upesi, na kanga iliyokwisha kufuliwa kwa miaka kadhaa, kama haijachakaa, ni bora kuliko hata kitambaa kipya, kwa sababu imekwisha kusinyaa kiasi cha kusinyaa, imekwisha kutoa rangi yote iliyokuwa ya kutoka, na kwa mtoto mdogo ina jambo jingine lenye thamani kubwa: ina harufu ya nyumbani. Mtoto anayelala kwa shida mahali pageni mara nyingi hutulizwa na kitu anachokifahamu kwa pua na kwa ngozi, na hilo peke yake latosha kumfanya mama asiitupe kanga yake ya zamani. Kanga ina kiasi cha sentimita 150 kwa 110, na kutokana na upande mmoja wa doti zinaweza kukatwa foronya nne za kipimo kilichotajwa, japokuwa anayetaka kuepuka pindo na jina atapata chache zaidi. Jina la kanga nalo lisomwe kabla ya kukata, kwa kuwa yako majina ya mafumbo na vijembe vya watu wazima ambayo hayana haja ya kulaliwa na mtoto.

Satini inastahili kuzungumziwa peke yake kwa sababu ya nywele. Pamba hunyonya mafuta ya nywele na kuzikwaruza kichwa kinapogeukageuka, kwa hiyo msichana aliyesukwa asubuhi ya safari huweza kufika akiwa na nywele zilizotimka na kukauka, ilhali satini huteleza na kuziacha zilivyo. Tatizo ni kwamba satini nyingi za madukani zimetengenezwa kwa poliesta, ambayo hainyonyi jasho, na utelezi uleule unaozilinda nywele huufanya mto uporomoke kutoka dirishani kila basi linapopita kwenye tuta. Suluhisho la wastani ni kutumia satini upande mmoja na pamba upande wa pili: satini hugusa kichwa, pamba hushika kwenye kiti, na palipo na joto mto hugeuzwa. Gharama ya suluhisho hilo ni ufuaji, kwa kuwa foronya yenye vitambaa viwili hufuliwa kwa sheria ya kile kilicho dhaifu, na satini ya poliesta haistahimili maji ya moto sana wala pasi kali. Mzazi ambaye mtoto wake amenyolewa, au ana nywele fupi, hana sababu ya kuingia katika usumbufu huo.

Njia nayo ina sauti katika uchaguzi wa kitambaa. Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya huvuka zaidi ya kilomita 800, likianza katika joto la pwani, likapita Morogoro na Mikumi, likapanda Kitonga, kisha likaingia katika baridi ya Iringa, Mafinga na Makambako. Mtoto aliyekuwa akitoka jasho shingoni asubuhi hutafuta kujikunyata jioni. Kwa njia za namna hiyo inafaa kuchukua foronya ya kanga kwa sehemu ya joto, na kubeba ya pili ya flaneli, yaani pamba iliyokwaruzwa uso mmoja hadi ikawa na manyoya mafupi yanayohifadhi joto, kwa ajili ya nyanda za juu. Tena foronya mbili zinahitajika hata pasipo na baridi, kwa kuwa mtoto akitapika katikati ya safari hakuna mahali pa kufulia, na ile iliyochafuka lazima iondolewe mara moja.

Kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, na katika hili pasiwe na haraka yoyote. Pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, na kwa vitambaa vingi kiasi cha kusinyaa hufikia asilimia tatu hadi tano, maana yake ni kwamba kipande cha sentimita 100 chaweza kupoteza sentimita tano, kiasi kinachotosha kabisa kuifanya foronya isiingie mto wake. Kifuliwe kwa maji ya joto lilelile litakalotumika baadaye, kianikwe, kipigwe pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kwa upande wa rangi, kona moja ya kitambaa ilowanishwe na kusuguliwa kwa kitambaa cheupe. Cheupe kikishika rangi, kazi ya kufua irudiwe hadi maji yatoke safi, na kama baada ya mara kadhaa bado yanatoka na rangi, kitambaa hicho kitafutiwe matumizi mengine, kwa kuwa mtoto anayelala hutokwa na mate na jasho, na rangi itamfikia mdomoni. Imani ya kwamba chumvi au siki huishika rangi isitoke haitegemeki kwa vitambaa vilivyokwisha kutiwa rangi kiwandani.

Mdomo wa foronya waweza kufungwa kwa zipu, vifungo, kamba au mkunjo, na kwa mtoto wa safari mkunjo ndio wa kuchagua. Zipu ina meno na kishikio kigumu vinavyoumiza shavu. Kifungo kikilegea hutoka, na mtoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka mdomoni kila akionacho, kwa hiyo kila kitu kidogo kinachoweza kubanduka, pamoja na shanga na vimetameta vya mapambo, ni hatari ya kumpalia. Kamba ya kukaza ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu kitu kirefu chenye kitanzi karibu na shingo ya mtoto aliyelala chaweza kumkaba pasipo mtu kusikia. Mkunjo hauna hata kimoja cha vitu hivyo: kitambaa kilekile cha foronya huongezwa urefu, na urefu huo hurudi ndani ukiwa kama kifuniko cha bahasha kinachouzuia mto usitoke. Sentimita 15 za mkunjo zinatosha kwa mto wa urefu wa 40. Chini ya 10, mto huchungulia nje kila unapobanwa.

Kwa foronya ya sentimita 30 kwa 40 hukatwa kipande kimoja tu cha mstatili, chenye upana wa sentimita 33 na urefu wa 101. Hesabu yake ni rahisi kufuata: sentimita 40 za uso wa mbele, 40 za uso wa nyuma, 15 za mkunjo, na tatu za upindo katika kila ncha, upana nao ni 30 na nyongeza ya sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono. Yadi moja ya kitenge, ambayo ni sentimita 91 na ushei, yenye upana wa kiasi cha sentimita 115, hutoa vipande viwili ikiwa urefu wa 101 utalazwa kufuata upana wa kitambaa, na mabaki hutosha kitanzi cha kushikia. Ukataji ufuate uzi, maana yake mkasi uende sambamba na nyuzi za mtande au za mshindio, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hanamu, yaani mshazari, huvutika kinapofuliwa na foronya huishia kupinda kama iliyosokotwa.

Ncha mbili fupi ndizo hushonwa kwanza. Kila ncha hukunjwa kuelekea upande wa ndani sentimita moja, ikapigwa pasi, ikakunjwa tena sentimita mbili, kisha hushonwa karibu na ukingo wa mkunjo. Baada ya hapo kitambaa hutandazwa mezani upande wa ndani ukiwa juu. Ncha ya kwanza hukunjwa sentimita 15 ili iwe mkunjo wa bahasha, na ncha ya pili huletwa juu yake hadi upindo wake ulingane sawasawa na ukingo uliopatikana. Wakati huu foronya inaonekana kama itakavyokuwa ikimalizika, uso wa nje ukiwa nje, na pande mbili ndefu zikiwa bado wazi. Pande hizo hubanwa kwa pini au hupigwa bandi, yaani mishono mikubwa ya mkono ya kushikiza kwa muda.

Pande hizo zinafaa kufungwa kwa mshono wa mara mbili, ambao mafundi wengi huujua kama mshono wa Kifaransa na ambao huficha ncha zote za nyuzi ndani yake. Mshono wa kwanza hupita nusu sentimita kutoka ukingoni, foronya ikiwa bado uso nje. Nyuzi zinazoning'inia hupunguzwa kwa mkasi, foronya hugeuzwa ndani nje, mishono hunyooshwa kwa pasi, kisha mshono wa pili hupita sentimita moja kutoka ukingo mpya na kuufungia ule wa kwanza. Mshono huu una faida mbili zinazofaa kuthaminiwa. Kwanza, hauhitaji mashine ya kumalizia kingo, na cherehani ya kukanyaga inayoshona mstari ulionyooka tu, kama zilivyo cherehani nyingi za majumbani, huutoa vizuri bila upungufu wowote. Pili, foronya inayofuliwa kila wiki na kusuguliwa kwa mikono hufumuka kwanza kwenye ncha za nyuzi, na hapa ncha hizo hazionekani wala hazifikiwi. Mishono iwe ya milimita mbili na nusu hivi, sindano iwe namba 14 kwa kitenge na 11 kwa kanga au satini, na mwanzoni na mwishoni mwa kila mshono cherehani irudishwe nyuma kidogo, hasa palipo na mdomo, kwa sababu ndipo mikono huvuta mto unapoingizwa na kutolewa. Asiye na cherehani atumie mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ambao sindano yake hurudi hatua moja kila inapopiga hatua mbili. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini hushika kwa nguvu.

Kitanzi cha kushikia husaidia mtoto abebe mto wake mwenyewe, au utundikwe kwenye begi. Ukanda wa sentimita 10 kwa 22 hukunjwa mara nne kwa urefu hadi ubaki na upana wa sentimita mbili na nusu, hushonwa pande zote mbili, na ncha zake hulazwa kandokando, wala si moja juu ya nyingine, juu ya uso wa nje kabla ya kupitishwa mshono wa kwanza, kitanzi chenyewe kikielekea katikati ya foronya. Sehemu hiyo ni nene, kwa hiyo gurudumu la cherehani lizungushwe kwa mkono badala ya kukanyagwa, la sivyo sindano itavunjika. Kitanzi kisirefushwe zaidi ya hapo. Urefu huo hutosha mkono wa mtoto na haupitishi kichwa chake.

Jina la mtoto, ambalo wazazi wengi hupenda litariziwe katikati kwa herufi kubwa, linafaa kuandikwa mahali pengine kabisa: upande wa ndani wa mkunjo, pamoja na namba ya simu ya mzazi. Foronya ikipotea stendi, aliyeiokota ataifungua na kuona. Lakini mtu asiyejulikana hataweza kumwita mtoto kwa jina lake kwa kulisoma tu kwenye foronya. Urembo wa nje nao ukae kwenye kona, mbali na shavu, kwa kuwa upande wa nyuma wa darizi huwa na mafundo, na mafundo hayo hukwaruza hata kupitia kitambaa.

Kuhusu kinachojazwa ndani, sufi, ambayo ni nyuzi za tunda la msufi, ni nyepesi na ya starehe, lakini ikilowa hugandamana na haifuliki. Mto wa sufi kwa hiyo lazima uwe na mfuko wake wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ambao haufunguliwi, na foronya iwe juu yake. Mto wa pamba ya poliesta hufuliwa wote na hukauka upesi, na kwa mtoto anayetapika njiani ndio unaofaa zaidi. Sponji hukaa na maji siku nyingi. Ipo pia njia ya kutobeba mto kabisa: sweta na kanga za mtoto hukunjwa vizuri na kuingizwa ndani ya foronya, na mkunjo mrefu wa bahasha huzizuia zisitoke. Mfuko wa plastiki usitumiwe kamwe ndani ya foronya ili kuzuia majimaji, kwa kuwa ukichomoka na kumfunika mtoto usoni humzibia hewa. Taulo nyembamba iliyokunjwa kati ya mto na foronya hufanya kazi hiyo bila hatari.

Safari ikiisha, foronya ifuliwe siku hiyohiyo. Maziwa na matapishi huondolewa kwanza kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha protini ndani ya nyuzi na doa likabaki. Ndipo hufuata sabuni na maji ya moto. Pamba iliyokwisha kutoa rangi yake huvumilia maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, joto linaloua chawa na utitiri wa vumbi, na watoto wanaosafiri pamoja wasibadilishane foronya, kwa kuwa chawa na mapunye huambukizwa kwa njia hiyo. Ianikwe juani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Katika sehemu nyingi zenye joto za Afrika Mashariki yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wanaotokana na mayai hayo huingia katika ngozi ya mtu na kutoa uvimbe kama jipu. Pasi ya moto huyaua mayai hayo, basi foronya ya pamba ipigwe pasi pande zote mbili, na mkono ukawie zaidi juu ya mishono ya pembeni na juu ya mkunjo, ambako tabaka za kitambaa ni nyingi na unyevu hubaki hata baada ya sehemu nyingine zote kukauka.